Kuvurugwa kwa Matangazo ya Kimataifa ya Mawimbi Mafupi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuvuruga matangazo ni nini hasa?

Ni kitendo cha serikali kurusha kelele kwa makusudi juu ya masafa yaleyale yanayotumiwa na kituo cha nje, ili aliyekifungulia kituo hicho asiambulie kitu. Kituo chenyewe hakiguswi. Mtambo wake uko katika nchi nyingine, unaendelea kurusha kama kawaida, na mtangazaji aliyeketi studio hana habari mpaka aambiwe na wasikilizaji. Kinacholengwa ni redio iliyo mezani kwa msikilizaji, ambayo haiwezi kuchagua kati ya ishara mbili zilizoingia pamoja. Serikali inayovuruga hailazimiki kuyafuta matangazo kabisa. Inatosha yachoshe kiasi kwamba mtu aone heri azime redio akalale. Mengi katika majibu yanayofuata yanatokana na jambo hilo moja.

Kwa nini mawimbi mafupi, na si FM?

Matangazo ya FM huishia karibu na upeo wa macho, kwa hiyo mwenye kuyarusha hana budi kuwa ndani ya nchi au kando tu ya mpaka, na serikali ina njia rahisi zaidi ya kumnyamazisha: humnyima leseni au hutuma askari mlangoni. Mawimbi mafupi, yaani yale yaliyo kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na kurudishwa ardhini umbali wa mamia au maelfu ya kilomita. Mtambo mmoja wa kilowati 100 hadi 500, ukiwa na antena iliyoelekezwa vizuri, huhudumia nchi nzima iliyo upande wa pili wa bahari. Hakuna waya wa kukatwa, hakuna usajili, na hakuna kumbukumbu inayoonyesha nani alisikiliza nini saa ngapi. Kwa serikali inayotaka kudhibiti habari, njia karibu pekee iliyobaki ni kelele.

Mitambo ya kuvuruga hufanyaje kazi?

Iko ya aina mbili, na penye juhudi kubwa zote mbili hutumika kwa pamoja.

Ya kwanza ni mitambo ya mjini. Huwa na nguvu ya wastani, mara nyingi kilowati chache tu, na hufungwa juu ya majengo marefu au pembezoni mwa mji. Mawimbi yake husafiri juu ya ardhi na kufifia baada ya makumi machache ya kilomita, tena hufifia upesi zaidi yakikutana na majengo. Katika eneo hilo dogo kelele huwa kali mno, lakini ukitoka nje ya mji matangazo husikika tena. Ndiyo sababu katika Umoja wa Kisovieti watu walisikiliza vizuri zaidi wakiwa kwenye nyumba zao za mapumziko mashambani kuliko wakiwa Moscow au Leningrad.

Ya pili hutumia ionosfia, sawa na kituo kinachoshambuliwa. Mtambo mkubwa huwekwa mbali sana na wasikilizaji, pengine zaidi ya kilomita elfu moja, kwa sababu mawimbi yanayorudishwa na ionosfia huruka eneo lililo karibu na mtambo na kutua mbali. Aina hii hufunika eneo kubwa kwa mpigo mmoja, ila inategemea hali ya anga ileile inayotegemewa na kituo cha nje, na hapo ndipo maumbile huingilia kati. Tuchukue msikilizaji wa Ulaya Mashariki, ambaye kituo anachokipenda kiko magharibi yake na mtambo wa kuvuruga uko mashariki. Jioni, jua huzama kwanza upande wa mashariki. Ionosfia ya upande ule hudhoofika, na yale masafa ya juu hupenya na kupotelea angani badala ya kurudishwa. Upande wa magharibi bado kuna mwanga, na matangazo yanaendelea kufika. Kwa muda, ambao huenda ukafika saa moja au mbili, kelele hutoweka na sauti hubaki. Wahandisi wa vituo vya magharibi waliujua mwanya huo wa machweo na walipanga vipindi vyao kwa kuufuata. Hapakuwa na waziri wa kuuziba.

Nyuma ya mitambo hiyo yote hukaa watu wanaosikiliza. Kazi yao ni kuzungusha redio saa zote, kubaini kituo kimehamia wapi, na kuwaelekeza waendesha mitambo wahamie huko. Mitambo ya Kisovieti ilikuwa hata na herufi zake za utambulisho, zilizopigwa kwa Morse katikati ya kelele, ili wakaguzi wajue upi uko kazini na upi umelala.

Kelele yenyewe inasikikaje?

Hutofautiana. Iliyozoeleka zaidi ni mngurumo mzito usiokatika, mfano wa mashine kubwa inayozunguka, au mlio unaopanda na kushuka haraka bila kukoma. Wengine huweka matangazo yao ya ndani juu ya yale ya nje: Umoja wa Kisovieti ulitumia kituo chake cha Mayak, kwa makusudi kikiwa kimepotoshwa sauti, na China hutumia kituo chake cha kwanza cha taifa, CNR 1. China pia imetumia kwa miaka mingi mkanda wa takriban saa moja wa muziki wa asili wa Kichina, wenye ngoma, matoazi na zumari, unaorudiwa tena na tena bila tangazo lolote. Wapenzi wa redio duniani wameupa jina la Firedrake. Mtu asiyejua anaweza kuusikiliza hadi mwisho akidhani amepata kituo cha burudani, na bila shaka hilo ni moja ya mambo yaliyokusudiwa: muziki hauonekani kama udhibiti.

Nitajuaje kwamba ninachosikia ni uvurugaji na si hali mbaya ya hewa ya redio?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi na kujibiwa vibaya zaidi. Kelele nyingi kwenye mawimbi mafupi hazina mkono wa serikali yoyote. Chaja ya simu, taa za LED, televisheni ya jirani na nyaya chakavu za umeme hutoa mikwaruzo ya kutosha kufunika kituo dhaifu. Sauti inayopanda na kushuka taratibu ni tabia ya kawaida ya ionosfia. Na vituo viwili kugongana katika masafa mamoja hutokea kwa bahati mbaya mara nyingi, hasa ratiba zinapobadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Uvurugaji wa makusudi una dalili zake. Kelele hukaa juu ya masafa ya kituo kimoja na haionekani ukisogeza kilohezi 10 juu au chini, ilhali mikwaruzo ya umeme huenea kote. Huanza dakika chache kabla ya kipindi na kukoma kipindi kinapokwisha. Wakati mwingine mwendeshaji husahau kuzima, nayo huendelea kunguruma peke yake juu ya masafa matupu. Hufuata lugha: matangazo ya kituo kilekile kwa Kiingereza husikika safi, na ya lugha ya nchi husika yanavurugwa. Na kituo kikihama, kelele nayo huhama baada ya muda mfupi. Ukiona dalili tatu kati ya hizo kwa siku kadhaa mfululizo, una sababu ya kuamini. Ukiona moja tu, anza kwa kuchomoa chaja.

Njia nzuri zaidi ya kuhakikisha ni kulinganisha. Siku hizi kuna redio zilizounganishwa na intaneti ambazo mtu yeyote huziendesha kwa kivinjari bila malipo. Ile ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, imekuwapo tangu 2008. Ukisikiliza masafa yaleyale kupitia redio iliyo nchi nyingine na kukuta kituo kiko hewani bila kelele, utajua kwamba kelele inarushwa karibu nawe.

Uvurugaji ulianza lini, na uliendeleaje?

Mfano unaotajwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa ni wa Austria katika miaka ya 1930, ilipojaribu kuzuia propaganda ya redio kutoka Ujerumani ya Wanazi. Vita Kuu ya Pili vilipozuka, Ujerumani iliongeza adhabu juu ya kelele: amri ya Septemba 1939 ilifanya kusikiliza vituo vya nje kuwa kosa la jinai, na kusambaza habari zake kungeweza kumpeleka mtu kwenye hukumu ya kifo.

Sura ndefu zaidi ni ya Vita Baridi. Umoja wa Kisovieti ulianza kuyavuruga matangazo ya Kirusi ya Sauti ya Amerika mwaka 1948, na BBC haikusalimika. Kituo kilichokuja kuitwa Radio Liberty, cha Marekani kwa ajili ya wasikilizaji wa Umoja wa Kisovieti, kilipoanza tarehe 1 Machi 1953, kelele ilikipata karibu papo hapo na haikukiacha kwa miaka 35. Kwa vituo vingine bomba lilifunguliwa na kufungwa kulingana na siasa. Mwaka 1963 Sauti ya Amerika na BBC ziliachiwa. Agosti 1968, majeshi yalipoingia Chekoslovakia, kelele ikarudi. Septemba 1973 ikasimama tena. Agosti 1980, wafanyakazi wa Poland walipogoma, ikarudi. BBC iliachiwa Januari 1987, Sauti ya Amerika Mei mwaka huohuo, na Novemba 1988 uvurugaji ukakoma hata kwa Radio Liberty. Mtu angeweza kuandika historia fupi ya hofu za Kremlin kwa kufuata tarehe hizo pekee.

Nchi washirika wake hazikwenda kwa mwendo mmoja. Romania iliacha 1963 na Hungaria 1964, huku Chekoslovakia na Bulgaria zikishikilia hadi 1988. Poland iliacha mapema kuliko zote, mwaka 1956, na sababu yake inafaa kusimuliwa. Tarehe 28 Juni mwaka huo, wafanyakazi wa mji wa Poznań walioandamana kudai mishahara na mkate walipanda hadi juu ya jengo la bima ya jamii, wakaving'oa vifaa vya kuvurugia redio vilivyokuwa huko, na kuvitupa chini barabarani. Maandamano yalizimwa kwa risasi na vifaru. Lakini kabla ya mwaka kuisha serikali ya Poland ilikuwa imeacha kuvuruga kutoka katika ardhi yake, ingawa kelele kutoka nchi jirani iliendelea kuvuka mpaka.

Je, ni serikali za kikomunisti pekee zilizofanya hivyo?

La, na wanaodai hivyo wanasahau kwa hiari. Mwaka 1956 Uingereza iliyavuruga matangazo ya Redio Athens yaliyoelekezwa Cyprus, koloni lake lililokuwa likipigania kuungana na Ugiriki. Katika vita vya Algeria, Wafaransa waliivuruga Sauti ya Algeria Inayopigana, na wasikilizaji wakakaa usiku kucha wakiifuata kutoka masafa hadi masafa. Mwaka 1970 Uingereza iliivuruga pia Radio Nordsee International, kituo cha muziki kilichorusha kutoka melini bila leseni. Tofauti iliyopo ni ya ukubwa na muda: hakuna serikali ya magharibi iliyojenga mtandao wa kudumu unaokaribia ule wa Kisovieti.

Katika miaka ya karibuni ni nani anayevuruga?

China huvuruga matangazo ya Kichina, Kitibeti na Kiuighuri, na Februari 2013 BBC ililalamika hadharani kwamba hata matangazo yake ya Kiingereza yalikuwa yakivurugwa nchini humo. Korea Kaskazini imevuruga vituo vya Kusini kwa miaka mingi, na kwa kujihakikishia huwataka raia wawe na redio zilizofungwa zisitoke kwenye vituo vya serikali. Vietnam, Iran na Kuba nazo zimefanya hivyo kwa muda mrefu.

Kwa Afrika, mifano miwili imeandikwa vizuri. SW Radio Africa, iliyoanzishwa London na Wazimbabwe mwishoni mwa 2001, ilivurugwa mwaka 2005 kuelekea uchaguzi wa bunge. Ikaongeza njia nyingine, ikiwamo kutuma muhtasari wa habari kwa ujumbe mfupi wa simu, hadi ilipofungwa mwaka 2014. Nchini Ethiopia jambo lilikwenda kinyume cha desturi, kwa maana serikali haikuficha nia yake. Machi 2010 Waziri Mkuu Meles Zenawi aliwaambia waandishi wa habari kwamba yuko tayari kuruhusu kuvurugwa kwa Idhaa ya Kiamhari ya Sauti ya Amerika, akiilinganisha na redio ya Mille Collines ya Rwanda, iliyochochea mauaji ya kimbari mwaka 1994. Ulinganisho huo ulipingwa vikali na Marekani, lakini unastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndio utetezi wenye nguvu kuliko wote ambao serikali inaweza kuutoa, na kwa hiyo hutolewa hata pasipostahili.

Sheria ya kimataifa inasemaje?

Inakataza, lakini haina fimbo. Katiba ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, katika ibara ya 45 inataka vituo vyote vya redio viendeshwe kwa namna isiyoleta madhara kwa mawasiliano ya nchi nyingine. Ibara ya 19 ya Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948 inataja haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka. Na tarehe 14 Desemba 1950, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 424, lililaani moja kwa moja uvurugaji wa matangazo. Azimio hilohilo liliziomba serikali zijiepushe na matangazo yenye mashambulizi yasiyo ya haki na kashfa dhidi ya mataifa mengine, kifungu ambacho wanaolinukuu hukiruka mara nyingi.

Nchi zinazovuruga hujibu kwa hoja ya mamlaka ya taifa: kwamba anga iliyo juu ya ardhi yao ni yao, na kwamba propaganda ya kigeni ni uingiliaji wa mambo ya ndani. ITU hupokea malalamiko na kuziandikia serikali husika. Haina askari wala faini.

Vituo hujikinga vipi?

Kwa kuongeza idadi. Kipindi kimoja hurushwa kwa masafa manne, matano au zaidi kwa wakati mmoja, kutoka mitambo iliyo katika nchi tofauti, ili anayevuruga alazimike kuyafuata yote. Hesabu hapo humuelemea mvurugaji: kituo kinahitaji mtambo mmoja kwa kila masafa ili kuifikia nchi nzima, ilhali yeye anahitaji mtambo katika kila mji mkubwa kwa kila masafa, pamoja na ile ya mbali, umeme wake, na watu wa zamu. Vituo pia husogea kilohezi 5 bila kutangaza, hubadili ratiba, husomesha habari polepole kwa sentensi fupi zenye kurudiwa, na huchagua wasomaji ambao sauti zao zinapenya. Hii ya mwisho huonekana ndogo, lakini sauti nyembamba na matamshi makali hupita kwenye mngurumo ambao ungeimeza sauti nzito.

Msikilizaji anaweza kufanya nini?

Kwanza, ajaribu masafa mengine ya kituo hicho, hasa ya juu wakati wa machweo. Wasikilizaji wa Kisovieti waliijua faida hiyo, na serikali yao pia iliijua: redio zilizouzwa nchini kwa kawaida ziliishia bendi ya mita 25, bila zile za mita 19, 16 na 13 (mita zikipungua, masafa hupanda) ambako kelele ilikuwa hafifu zaidi. Mafundi wa mitaani walizifungua, wakabadili koili, na kuziongezea bendi zilizokosekana.

Pili, ikiwa redio ina uwezo wa kupokea SSB, autumie. Matangazo ya kawaida hubeba sauti ileile katika pande mbili za wimbi lake, juu na chini. Kelele ikielemea upande mmoja, redio ya SSB inaweza kuusikiliza ule mwingine peke yake, na pengine maneno yakatoka pale ambapo hapakuwa na kitu. Kupunguza upana wa upokeaji husaidia kwa namna hiyohiyo, ingawa sauti hugeuka ya puani.

Tatu, ajaribu antena ya duara ya waya inayozungushwa kwa mkono. Dhidi ya mtambo wa mjini, ambao kelele yake huja kutoka upande mmoja, kuna pembe ambayo antena hiyo huwa kama kiziwi. Dhidi ya kelele inayoteremka kutoka ionosfia haina faida kubwa.

Je, kelele hiyo inaweza kuharibu redio yangu?

Haiwezi.

Kama kituo kinavurugwa, je, si ushahidi kwamba kinasema kweli?

Si ushahidi. Unaonyesha kwamba serikali inakiogopa kituo hicho, na serikali huogopa ukweli, uongo na mambo yasiyohusiana na lolote kati ya hayo. Vituo vingi vilivyovurugwa katika Vita Baridi viligharamiwa na serikali zenye malengo yao. Radio Free Europe, iliyotangazia Ulaya Mashariki, na Radio Liberty zilipata fedha kwa siri kutoka Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa upande mwingine, maafa ya Chernobyl yalipotokea tarehe 26 Aprili 1986, raia wengi wa Kisovieti walizipata habari za kina kutoka vituo hivyohivyo, kabla ya serikali yao kusema zaidi ya sentensi chache. Msikilizaji makini hulinganisha kituo kimoja na kingine. Uvurugaji humnyima nafasi hiyo hata pale ambapo kituo kinakosea.

Katika zama za intaneti, je, bado jambo hili lina maana?

Lina maana kidogo kuliko zamani, na kubwa kuliko inavyodhaniwa. Udhibiti mwingi umehamia kwenye kufunga tovuti na kuvuruga setilaiti, kazi ambayo ni nafuu zaidi. Lakini intaneti huzimwa kwa kubonyeza kitufe kilicho mikononi mwa serikali husika, na kila inapozimwa mawimbi mafupi hukumbukwa. Machi 2022 BBC ilirudisha saa nne kwa siku za habari kwa ajili ya Ukraine na sehemu za Urusi, katika kilohezi 15735 na 5875. Mei 2023 ilianzisha huduma ya dharura ya Kiarabu kwa Sudan, nayo ikajumuisha mawimbi mafupi.

Nimehakikisha kwamba kituo kinavurugwa. Niripoti vipi?

Kiandikie kituo chenyewe, kwa sababu wahandisi wake ndio wanaoweza kubadili masafa na ndio wanaokusanya ushahidi wa malalamiko rasmi. Taja tarehe, saa kwa majira ya kimataifa ya UTC, masafa kwa kilohezi, lugha ya kipindi, aina ya kelele, na eneo ulipo kwa ujumla bila anwani. Ongeza alama za SINPO, tarakimu tano kati ya 1 na 5 zinazopima kwa mfuatano nguvu ya ishara, mwingiliano, mikwaruzo, hali ya usafiri wa mawimbi, na usikivu kwa jumla, 5 ikiwa bora. Kituo chenye nguvu kilichozamishwa na uvurugaji huandikwa, kwa mfano, 41441. Rekodi ya dakika moja inayoanza kabla ya kipindi na kunasa kelele ikiingia ina thamani kuliko ya saa nzima iliyoanza katikati. Kama unaishi katika nchi ambayo kuwasiliana na kituo cha nje kunaweza kukuletea matatizo, usitume. Wapo wasikilizaji wa nchi jirani wanaosikia kelele hiyohiyo.